Nasoma PDF kwenye simu hadi macho yanauma: ninunue Kindle?

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro, na mwaka huu nimeanza shahada ya uzamili Chuo Kikuu Huria. Karibu kila ninachosoma kimo kwenye simu: moduli za kozi, makala za majarida, na sura za vitabu ambazo wenzangu huzipiga picha na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp. Zote ni PDF. Simu yangu ni ya inchi 6.5, kwa hiyo kila ukurasa ni kuvuta kwa vidole, kusogeza kushoto, kurudi kulia, mpaka nakata tamaa. Usiku macho yananiwasha na kichwa kinauma. Umeme ukikatika ndiyo basi tena, maana chaji iliyobaki naibania kwa ajili ya kupokea simu.

Nje ya masomo napenda riwaya, za Kiswahili na za Kiingereza. Hizo nazisoma zaidi nikiwa kwenye basi la Dar.

Nimetenga laki nne. Binamu yangu yupo Muscat, anakuja Desemba, na amesema ataniletea Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, nikimwambia ni ipi. Hapa mjini kuna kijana anauza iliyotumika kwa laki moja na ishirini, haina boksi. Mke wangu anaona heri tununue kishikwambi cha inchi 10 kilichotumika, watoto nao wakitumie. Mwalimu mwenzangu anasema Kindle ni ya Wazungu, vitabu vya Kiswahili havimo.

Je, ninunue? PDF zangu zitasomeka? Na ya mkononi kwa kijana niichukue au niiache?

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Mwalimu, salaam.

Kwa riwaya za Kiingereza, nunua bila wasiwasi. Kwa masomo, kifaa cha inchi 6 kinaweza kukufaa sana au kikaishia kabatini, na kitakachoamua ni aina ya PDF ulizonazo. Ndiyo maana nataka tuanze na mafaili kabla ya kuzungumzia duka.

Ukurasa wa A4 una sentimita 21 kwa 29.7. Kioo cha inchi 6, ambacho hupimwa kutoka kona hadi kona, kina takriban sentimita 9 kwa 12. Ukurasa mzima ukibanwa humo unabaki na asilimia 41 hivi ya ukubwa wake, na herufi za pointi 12 zinageuka za pointi 5. Hakuna wino wa kielektroniki, yaani aina ya kioo kilichomo kwenye Kindle, utakaokusaidia hapo, hata uwe mkali namna gani. Huna haja ya kuniamini mimi: fungua moja ya moduli zako kwenye kompyuta, punguza ukubwa mpaka upana wa ukurasa ufike sentimita 8.5 kwa rula, kisha kaa umbali wa kawaida wa kusomea. Hicho ndicho utakachokiona kwenye Kindle ndogo ukifungua PDF jinsi ilivyo.

Sasa kuna ujanja ambao wauzaji hawauelezi. Ukikata pambizo za sentimita mbili na nusu kila upande, kisha ukakilaza kifaa, maandishi yanapata upana wa sentimita 12 na herufi zinarudi kwenye pointi 9, ukubwa unaosomeka. Gharama yake ni kwamba ukurasa mmoja unakuwa vipande viwili na kidogo, na kila kipande ni kubonyeza na kungoja kioo kijiandike upya. Kwa makala ya kurasa 15 inavumilika. Kwa kitabu cha kurasa 300 chenye majedwali utachoka, na ukitaka kurudi nyuma kutafuta jedwali la ukurasa wa 112 utachoka zaidi.

Njia bora ni kuifanya PDF itiririke, yaani maandishi yajipange upya kufuata ukubwa wa kioo kama yanavyofanya kwenye EPUB, aina ya faili la vitabu vya kielektroniki. Hapo ndipo aina ya faili inapohusika. Chukua mafaili 20 ya mwisho uliyoyasoma. Fungua kila moja kwenye kompyuta, weka kipanya mwanzo wa aya, buruta hadi mwisho. Maneno yakijipaka rangi neno kwa neno, hiyo ni PDF ya maandishi. Ukurasa ukijipaka wote kama picha, au kisitokee kitu, hiyo ni picha tupu ya skana au ya simu. Ipo pia aina ya tatu, inayodanganya: maneno yanapakika rangi, lakini chini yake kuna maandishi yaliyokisiwa na mashine. Nakili aya moja uibandike kwenye Word. Ukiona "wanafunzi" imegeuka "wanafunzl" na "elimu" imegeuka "e1imu", ihesabu kuwa picha.

PDF ya maandishi ina njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kuituma kwenye anwani ya barua pepe ambayo kila Kindle hupewa, ukiandika neno convert peke yake kwenye kichwa cha barua, ikifika imeshabadilishwa. Kiambatisho kisizidi MB 50, na anwani unayotumia kutuma lazima uwe umeiidhinisha kwenye akaunti yako ya Amazon. Wengi hukwama hapo: wanatuma, wanangoja, hakifiki kitu. Njia ya pili ni Calibre, programu ya bure ya kompyuta. Ongeza faili, bonyeza Convert books, chagua EPUB, kisha washa Heuristic Processing ili mistari iliyokatwakatwa iunganishwe kuwa aya.

Usitegemee miujiza. Vichwa vya kurasa na namba zake vitajitokeza katikati ya sentensi, tanbihi zitavamia aya, na jedwali lolote lenye safu zaidi ya tatu litasambaratika. Makala zenye safu mbili kwa ukurasa huenda zikachanganya mistari ya kushoto na ya kulia. Na jambo kubwa kwa mwanafunzi wa uzamili: faili ikishabadilishwa, namba za kurasa za chapa asili huwezi kuzitegemea tena. Ukinukuu kwenye tasnifu, msimamizi wako atadai ukurasa. Kwa hiyo soma kwenye EPUB, weka alama, lakini PDF asili ibaki kwenye kompyuta ili ukitafuta maneno ya nukuu upate ukurasa wake.

Picha za WhatsApp ni shughuli nyingine. Ipo programu ya bure iitwayo k2pdfopt ambayo hukata ukurasa wa picha neno kwa neno na kuyapanga upya kwa kioo kidogo bila kujaribu kuyasoma. Inafanya kazi vizuri kwa skani safi. Kwa picha ya simu iliyopigwa kitabu kikiwa kimejipinda, chenye kivuli cha mkono, inakata maneno nusu, na kivuli kile kwenye wino wa kielektroniki kinakuwa doa la kijivu lililomeza herufi. Zungumza na wenzako: atakayepiga picha atumie programu ya kuskani ya simu inayonyoosha ukurasa na kugeuza kuwa nyeusi na nyeupe, ukurasa mmoja kwa picha moja. Mabadiliko hayo yatawasaidia hata wasio na Kindle.

Kwa hiyo hesabu yako ni hii. Katika yale mafaili 20, yakifika 12 ya maandishi, kifaa cha inchi 6 au 7 kitakulipa. Yakiwa 12 au zaidi ni picha, mama watoto ameshinda: kishikwambi cha inchi 10 kitakuonyesha ukurasa wa A4 bila kukata wala kubadili kitu, na picha za rangi utaziona. Wapo wanaosema nunua kisomeo, yaani kifaa cha wino wa kielektroniki kama Kindle, cha inchi 10.3. Ni kizuri, A4 inabaki na asilimia 70 na kitu, lakini kipya kinazidi laki nne kwa mbali. Kindle Scribe ya inchi 10.2 ilipotoka 2022 ilianzia dola 339.99.

Kishikwambi kina udhaifu wake nao. Kina uzito wa karibu nusu kilo, wakati Kindle ya kawaida ya 2022 ina gramu 158, na tofauti hiyo utaisikia kwenye kiganja ukisoma umelala. Kwenye basi la mchana jua likipiga dirishani, kioo chake kinakuwa kama kioo cha kujitazamia. Halafu kikishaitwa cha watoto, si chako tena.

Kuhusu macho, nenda kapimwe kabla ya kununua chochote. Kichwa kinachouma kila ukisoma usiku huenda ni miwani inayohitajika, na hakuna kioo kitakachochukua nafasi yake. Macho kuwasha ni suala la kutopepesa: tukikodolea kioo tunapepesa mara chache na jicho linakauka, na hilo hutokea hata kwenye kisomeo. Faida halisi ya wino wa kielektroniki ni kwamba kioo hakikumuliki. Ndani yake kuna chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji za umeme zinazopandishwa juu na kushushwa chini. Unaona mwanga wa chumbani au wa jua ukirudi kutoka kwenye chembe hizo, kama karatasi. Usiku, taa ndogo za pembeni huangaza juu ya kioo, na unaweza kuzipunguza mpaka aliyelala kando yako asisumbuke. Herufi unazikuza utakavyo bila kusogeza ukurasa kushoto na kulia, na nadhani hilo ndilo litakalokupumzisha kuliko yote.

Chaji ndiyo sifa isiyopingika. Chembe zikishakaa mahali pake hazihitaji umeme. Umeme hutumika ukurasa unapobadilika, na kwa taa. Ila soma matangazo kwa makini. Wiki 10 zilizoandikwa kwa Kindle Paperwhite ya 2021 ni kwa nusu saa ya kusoma kwa siku, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Hizo ni saa 35. Wewe ukisoma saa tatu kila siku utachaji baada ya siku 11 au 12, ambayo bado ni raha kwa mtaa unaokatiwa umeme. Chaja ya simu inatosha. Baadhi ya pawabenki hujizima zenyewe kwa sababu kisomeo huvuta umeme kidogo mno, hasa kikikaribia kujaa. Si ubovu wa kifaa.

Tukija kwa binamu: kabla hajaingia dukani, fikirieni Kobo, chapa nyingine ya visomeo. Kindle iliyochomekwa kwa waya haifungui EPUB uliyoitumbukiza humo. Inabidi ipitie huduma ya Amazon ya kutuma, ibadilishwe, ndipo ishuke kwa intaneti. Kobo inaisoma EPUB moja kwa moja, hata kama huna bando. Pia inakubali KOReader, programu ya bure ambayo ndani yake imebeba uwezo wa kukata pambizo na kutiririsha PDF, ile kazi ya k2pdfopt niliyoitaja, bila kupitia kompyuta. Kwa mtu mwenye PDF nyingi kama wewe, hiyo pekee inanifanya niitaje Kobo kwanza. Kobo Clara BW ilitoka 2024 kwa dola 129.99; kwa shilingi 2,600 kwa dola ni kama laki tatu na elfu 38. Kindle ya kawaida ya mwaka huohuo ilitoka kwa dola 109.99, Paperwhite kwa 159.99, na hiyo ya mwisho tayari inavuka bajeti yako kabla ya kava. Clara BW haiharibiki ikimwagikiwa maji na ina mwanga wa manjano wa usiku. Kindle ya kawaida haina vyote viwili. Bei za chini za Kindle mara nyingi ni za toleo lenye matangazo kwenye kioo inapolala, kwa hiyo binamu aulize. Za rangi aziache: kwenye Kaleido 3, kioo cha rangi kinachotumika kwenye Kobo, rangi zinatoka kwa nukta 150 kwa inchi badala ya 300, na mandharinyuma huwa na ukijivu unaokulazimisha kuwasha taa.

Mwenzako wa stafurumu amesema nusu ya ukweli. Riwaya nyingi za Kiswahili, hasa zile kongwe tulizosoma shuleni, zipo kwa karatasi tu. Baadhi ya wachapishaji wa Afrika Mashariki wanauza nakala za kielektroniki, lakini kabla ya kulipia uliza swali moja: faili linashushwa, au linasomwa ndani ya programu yao tu? Kinachofungwa ndani ya programu ya simu hakihamii kwenye kisomeo. Kinachoshushwa kikiwa na kufuli la Adobe, yaani ulinzi wa kuzuia kunakili, kitafunguka kwenye Kobo kwa kupitia kompyuta, ila kwenye Kindle hakifunguki. Kwa watoto, African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili za bure, ingawa michoro yake inapendeza zaidi kwenye kishikwambi. Project Gutenberg ina vitabu zaidi ya 70,000 vya bure ambavyo haki zake zimekwisha muda. Kiingereza kimejaa tele, Kiswahili ni cha kuokoteza. Andika majina matano ya vitabu unavyotamani kusoma mwaka huu, uvitafute leo. Ukikosa vyote vitano, fedha ya riwaya iende duka la vitabu.

Ukisoma Kiswahili kwenye kifaa hiki, badili mpangilio wa aya kutoka ulionyooka pande zote uwe wa kushoto peke yake. Maneno yetu marefu, "wasingelijisumbua" na wenzake, yakiruka mstari huacha mapengo makubwa kwenye kioo chembamba. Na kamusi ya kugusa neno usiitegemee kwa Kiswahili: kamusi hata ukiipata ina "ondoka", wewe umegusa "alipoondoka", na kifaa hakijui kuvua viambishi.

Kioo ndicho kinachoua vifaa hivi. Chini ya plastiki unayoigusa kuna kioo chembamba sana, na hupasuka kwa kubanwa zaidi ya kuanguka. Juu huoni ufa. Unaona mistari isiyofutika au nusu ya ukurasa iliyoganda. Shirika la Worldreader, lililoanza kwa kupeleka Kindle shule za Ghana mwaka 2010, lilikumbana na uvunjikaji mwingi wa namna hiyo, na baadaye likaelekea zaidi kwenye kusomea kwa simu. Kubadilisha kioo kwa fundi kunakaribia bei ya kifaa kingine. Kava gumu ni sehemu ya bei, lihesabu tangu mwanzo, na binamu akibebe kwenye mkoba wa mkononi, asikitie kwenye sanduku la mizigo.

Ya laki moja na ishirini sikukatazi, mradi uishike mkononi kwanza. Tazama tundu la chaji: Paperwhite zilianza kutumia USB-C mwaka 2021 na Kindle ya kawaida mwaka 2022, kwa hiyo yenye tundu la zamani la micro-USB ni ya kabla ya hapo. Kindle ya kawaida iliyotoka kabla ya 2019 haina taa kabisa, na zote za kawaida kabla ya 2022 zina nukta 167 tu kwa inchi, jambo litakalokuumiza kwenye PDF ndogo. Ongeza taa mpaka mwisho uone kama kuna kona yenye giza. Fungua ukurasa mweusi kisha mweupe. Kivuli hafifu kinachofutika baada ya kurasa mbili ni kawaida, mstari usiofutika ni ufa. Izime na kuiwasha tena. Iunganishe na hotspoti ya simu yako, ukiiweka kwenye masafa ya 2.4 GHz kwa sababu za zamani hazioni 5 GHz. Halafu mwambie kijana aondoe akaunti iliyomo, mbele yako, na wewe uingize ya kwako hapohapo. Iliyoripotiwa kuibiwa hukataa kusajiliwa, na ikikataa mkononi mwako hutaweza kutumiwa faili hata moja kwa barua pepe. Akisema akaunti utaondoa mwenyewe nyumbani, mrudishie.